Barua kutoka Queens: Chokaa ya dola milioni 6.75

 

Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli wachora kuta wa New York hulipwa. Wengi hukamatwa, Mjomba. Ukichora ukuta wa mtu bila ruhusa, ni kosa. Hata duka haliruhusiwi kumuuzia mtoto rangi ya kupuliza.

Ila wapo waliolipwa, tena si haba. Treni namba 7 ninayopanda kwenda kazini hupita penye maghorofa mawili. Zamani hapo palikuwa na kiwanda kikuukuu kilichoitwa 5Pointz, kimechorwa chini hadi juu. Mwenye jengo, Jerry Wolkoff, ndiye aliyewaruhusu wachoraji. Alipotaka kubomoa ajenge nyumba za kupangisha, wachoraji wakakimbilia mahakamani. Jaji Frederic Block akakataa kuzuia ubomoaji. Lakini kabla hukumu haijatoka kwa maandishi, usiku mmoja wa Novemba 2013, Wolkoff akaleta watu na ndoo za rangi nyeupe. Kulipokucha michoro ilionekana kwa kufifia, kama kovu chini ya poda.

Februari 2018 jaji yuleyule akamtoza dola milioni 6.75: michoro 45, kila mmoja 150,000. Sheria ya Marekani ya 1990 inayolinda kazi za wasanii inamtaka mwenye jengo ampe mchoraji notisi ya siku 90, aje aichukue kazi yake kama inabanduka. Alikata rufaa, akashindwa 2020. Hakuponzwa na kubomoa, bali na kupaka rangi kabla ya wakati. Angesubiri vibali vyake kwa utulivu, huenda asingelipa hata senti.

Kwetu Tanzania rangi ndiyo notisi. TANROADS, wakala wa barabara, wakikupigia X nyekundu ukutani, umeingia hifadhi ya barabara, uvunje kwa gharama yako. Ya kijani, barabara ndiyo imekufuata, subiri fidia. Anayetajwa ni mwenye nyumba peke yake. Fundi aliyemchora yule ng'ombe kwenye ukuta wa bucha hapo kwenu Bashay hakuna anayemwita, ingawa Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inampa msanii haki ya kupinga kazi yake kuharibiwa kwa namna inayomvunjia heshima.

Halafu nasikia kampuni ya simu inataka kuipaka bucha rangi zake, bure. Mwambie mwenye bucha asikubali kabla fundi hajaambiwa. Na wewe nipigie picha ya yule ng'ombe, jina la fundi lililo karibu na kwato lionekane.

Wasalimie wote.

Mpwa wako, Queens