Shujaa ni Yupi: Okonkwo au Obierika?

Mwaka huu chama chetu kilifanya mjadala ambao hadi leo haujanitoka kichwani. Hoja yenyewe ilikuwa kwamba Okonkwo ndiye mwanamume kamili katika riwaya ya Chinua Achebe iliyotoka 1958, ile ambayo tafsiri yake ya Kiswahili iliitwa Shujaa Okonkwo. Mimi nilikuwa msemaji mkuu wa upande wa kuunga mkono. Jalada lilikwisha kunifanyia nusu ya kazi, maana lenyewe limemwita shujaa! Nikasimama, nikajikohoza, nikayamwaga.

Nilianza na mieleka. Okonkwo, kijana wa miaka 18, alimbwaga Amalinze, aliyeitwa Paka kwa sababu mgongo wake ulikuwa haujagusa ardhi kwa miaka 7. Nikaja kwenye shamba. Baba yake Unoka alikuwa mpiga filimbi na bingwa wa kukopa, akafa bila kumwachia mwanawe ghala wala cheo. Okonkwo akaomba mbegu za viazi vikuu kwa tajiri Nwakibie, akalima. Mwaka wa kwanza jua likaunguza, kisha mvua ikagharikisha. Kuna mkulima mmoja alijinyonga mwaka huo kwa kukata tamaa, lakini Okonkwo hakutetereka. Na nyumbani je? Akikunja uso, wake watatu na watoto wote kimya! Hapo ukumbi ulishangilia, hasa sisi wa mabweni ya nyuma.

Wapinzani wetu walimleta Obierika, rafiki yake. Nikawajibu kwamba huyo ni mtu wa maneno tu, wenzake wakienda kazi ya kiume yeye hubaki nyumbani. Watu wakacheka. Tulishinda kwa kura chache.

Sasa niseme jambo ambalo sikulisema siku ile. Sikuwa namtetea Okonkwo, bwana. Nilikuwa najitetea mwenyewe. Mimi ni kiranja wa bweni, na bweni langu lilisifiwa kwa usafi na kwa ukimya. Nikiingia mlangoni, mono wote wanasimama kando ya vitanda. Sikuwa na haja ya kupaza sauti. Kuna jioni nilikuta kitanda cha mmoja wao hakijatandikwa sawasawa, nikalipiga teke sanduku lake la bati mpaka likatoka nje kwenye ngazi. Bawaba ya kifuniko ikang'oka. Yule kijana akapiga magoti kuokota vitu vyake, akasema, "Sawa, kiranja." Nikajiona mwanamume kwelikweli.

Wiki tatu baada ya mjadala, usiku, kitanda chake kilikutwa kitupu. Mlinzi alimpata alfajiri akiwa stendi ya matatu, hana hata nauli. Kumbe alikuwa amepata habari kwamba baba yake ni mgonjwa sana. Ruhusa ya kwenda nyumbani kwetu hupitia kwa kiranja, kisha kwa mwalimu. Mwalimu wa zamu aliniuliza swali moja tu, tena kwa upole: "Kwa nini hakuja kukuambia?" Nilitazama viatu vyangu.

Nilikirudia kitabu wiki hiyohiyo, na safari hii sikutafuta hoja. Nilichokiona ni woga. Okonkwo huyu niliyemtangaza kuwa haogopi chochote, tangu utotoni anaogopa kitu kimoja: kufanana na baba yake. Mwenzake wa michezo alimwambia kwamba Unoka ni agbala, neno lenye maana ya mwanamke, tena la kumwita mwanamume asiye na cheo. Basi, maisha yake yote yakawa ni kulikimbia neno hilo. Ndiyo maana anampiga mkewe hata katika Wiki ya Amani iliyokatazwa ugomvi. Ndiyo maana Ikemefuna, kijana aliyemwita baba, alipomkimbilia kule msituni, Okonkwo alimmaliza kwa panga lake mwenyewe, asije akaonekana dhaifu. Na Nwoye, mwanawe wa kwanza, alikuwa kama wale mono wangu. Alimnyamazia baba yake, kisha siku moja akaondoka moja kwa moja kwenda kwa wamisionari. Hakuwa amemwambia baba yake neno.

Obierika naye amri ya miungu aliisikia. Hakuipinga, ila alikataa kuwa mkono wa kuitekeleza, na rafiki yake alipomdhihaki hakutetemeka. Huyo sasa ndiye niliyemwita mtu wa maneno! Ni mtu mwenye vyeo, na mwanawe Maduka ni mwanamieleka hodari. Okonkwo alipohamishwa kwenda Mbanta kwa miaka 7, bunduki yake ilipopasuka na kumuua mwana wa Ezeudu, Obierika alimuuzia viazi vyake. Mwaka wa pili akamletea fedha, mifuko mizito ya kauri iliyobebwa na vijana wawili. Okonkwo alipouliza atamshukuruje, Obierika akamtania kwamba ajiue. Niliposoma hapo mara ya pili nilikifunga kitabu kwa muda, kwa kuwa sasa najua mwisho wake. Kumbe na yule mkulima niliyemtaja kwa majivuno pale ukumbini alikuwa akinisubiri.

Sisemi Obierika ni malaika. Mkewe alipozaa mapacha, aliwatupa msituni kama mila ilivyotaka. Alikuwa pia katika kundi lililobomoa boma la Okonkwo. Anajiuliza maswali mazuri akiwa amekaa peke yake, lakini hatumsikii akiyauliza mbele ya wazee. Hapo wapinzani wetu wangenibana, na sijui ningejitetea vipi kwa upande wowote.

Kuna wengine wawili ambao hakuna aliyewataja. Mzee Ndulue na mkewe Ozoemena walikufa siku moja. Obierika anaeleza kwamba mzee huyo hakufanya jambo bila kumwambia mkewe. Okonkwo anashangaa, kwani alidhani Ndulue alikuwa mtu mwenye nguvu. Anajibiwa kwamba ndiye aliyewaongoza Umuofia vitani. Okonkwo hakulielewa jibu hilo, na mimi mara ya kwanza nililiruka.

Yule kijana alirudi baada ya siku kumi. Baba yake yu hai. Nilimfuata kitandani kwake nikamwomba radhi, nikamwambia akiwa na shida aje. Akajibu, "Sawa, kiranja," kwa sauti ileile ya siku ya sanduku, macho chini. Kwa muda mrefu akiniona uwanjani alipitia njia nyingine.

Jumamosi iliyopita alikuja. Alisimama mlangoni akauliza kama ninaweza kumpatia msumari. Nilikwenda kuuomba kwa fundi wa shule pamoja na nyundo, nikamshikia kifuniko, naye akagongelea bawaba.