Tundu Lililotobolewa na Mvuke

Sisi tusikilizao redio ya masafa mafupi tunaishi kwa fadhila ya tabaka la juu sana liitwalo ionosfia. Huko mwanga wa jua huzibandua elektroni kutoka katika hewa, nazo huyarudisha mawimbi ya redio chini, kama ukuta urudishavyo mpira. La ajabu ni kuwa tabaka hilo hutobolewa na mvuke wa maji, mvuke kama wa birika!

Tarehe 14 Mei 1973 Wamarekani walirusha Skylab kwa roketi ya Saturn V. Injini zake zilizochoma haidrojeni na oksijeni ziliwaka hata kupita kilomita 400 juu. Mvuke wake ulifanya elektroni zimezwe upesi. Zaidi ya nusu zikatoweka kwa saa kadhaa, katika eneo lenye upana wa yapata kilomita 2,000. Mwaka 1985 chombo Challenger kiliwasha injini makusudi ili wataalamu wapime jambo hilo.

Jua huzitengeneza elektroni upya, ndiyo maana wengi hawajali. Mimi najali. Siku hizi roketi hurushwa kila baada ya siku chache, na marubani wavukao bahari bado hutumia masafa mafupi. Napenda warushaji watangaze mapema saa na njia, ili mtu aliyenyamaziwa na redio yake asiifungue bure kutafuta waya uliokatika.