Toka Taipei hata Shanghai: Uzi wa Ramani na Njia ya Ndege



Mwalimu aliye na ramani ya Asia ukutani na achukue uzi, aunyoshe toka Taipei, mji mkubwa wa kisiwa cha Taiwan, hata Shanghai, bandari kuu ya Uchina. Ataona uzi waelekea kaskazini, na akiupima atapata kilomita 690 hivi, yaani maili 430. Ndege ya abiria huruka mwendo huo kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Ratiba huandika karibu saa mbili, kwa sababu huhesabu tangu ndege iondokapo mahali pake hata isimamapo tena, pamoja na kungoja zamu ya kuruka.

Lakini kwa miaka mingi uzi huo haukuwa njia. Mwaka 1949, serikali iliyoshindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uchina ilihamia Taiwan, na watu yapata milioni moja au zaidi walivuka bahari kuifuata. Wengi walikuwa askari vijana, walioagana na mama zao wakidhani watarudi upesi. Njia ikafungwa nyuma yao. Ilikuwa mpaka Novemba 1987 ndipo serikali ya Taiwan ilipowapa watu ruhusa ya kwenda kuwaamkia jamaa zao. Miaka 38 ilikuwa imepita. Aliyeondoka kijana alirudi mzee, na wengine hawakukuta ila makaburi.

Hata hapo ndege hazikuruhusiwa kwenda moja kwa moja. Msafiri wa Shanghai aliweza kwenda kwanza Hong Kong, upande wa kusini-magharibi, kilomita 800 hivi. Akashuka, akangoja ndege nyingine, ndipo akaelekea kaskazini-mashariki kilomita 1,200 na zaidi. Jumla yake ni kilomita 2,000, karibu mara tatu ya uzi wa mwalimu, na mchana wote huenda ukaishia njiani.

Tarehe 4 Julai 2008 zilianza safari za kila mwisho wa juma zisizotua katikati, ingawa ndege zilizunguka bado kwa anga ya Hong Kong. Kisha tarehe 15 Desemba mwaka ule ule zikafunguliwa safari za kila siku, na njia ya kukata bahari.

Basi, tazameni. Bahari haikupungua upana, wala ndege hazikuzidishiwa mbio. Kilichofupisha safari ni karatasi iliyotiwa sahihi mwezi wa Novemba na watu waliokubali kuketi meza moja.

Kwa hiyo mwanafunzi akiuliza, "Toka mji huu hata mji ule ni mbali gani?" mwalimu na ampe hesabu ya kilomita, kisha naye amwulize, "Je, wenyewe wapatana?"