Matunda ya Huduma Isiyoponya

Kila bajeti ya usharika inapojadiliwa, swali hili hurudi: sadaka tunayotoa kuwahudumia wagonjwa wasiotarajiwa kupona inazaa matunda gani, ikiwa wote tunaishia kuwazika? Sisi wachungaji hatulipuuzi swali hilo. Sadaka ni mali ya Bwana, na mzee wa kanisa anayetaka kuona matunda yake ana haki ya kujibiwa.

Hospitali huweza kuhesabu waliopona. Tiba shufaa haiwezi kupimwa hivyo, lakini si kwamba haipimiki. Cicely Saunders alipofungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, aliunganisha huduma, mafundisho na utafiti chini ya paa moja. Barani kwetu, Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika kimeandaa kipimo chenye maswali 10: saba kwa mgonjwa na matatu kwa ndugu anayemuuguza. Mgonjwa huulizwa kuhusu siku tatu zilizopita: maumivu yake, wasiwasi wake, kama ameweza kuwaeleza jamaa yaliyo moyoni, kama ameona maisha yana thamani, kama amekuwa na amani. Jibu ni kuanzia 0 hadi 5, hata kwa vidole vya mkono. Baadaye maswali yaleyale huulizwa tena, na majibu hulinganishwa.

Kipimo hiki kinahitaji uangalifu. Waliodhoofika sana hawawezi kujibu, hivyo tukiwahesabu waliojibu tu, tutajiona tumefanya vizuri kuliko ilivyo. Ndugu akijibu kwa niaba ya mgonjwa, huenda anaeleza uchungu wake mwenyewe. Na sisi wachungaji tukiuliza juu ya amani, mgonjwa anaweza kuona haya kutuambia kwamba hana. Ni heri muuguzi aulize, nasi tusubiri nje.

Wengine wetu husema amani ya Mungu haipimwi kwa vidole. Ni kweli. Lakini kinachopimwa hapa ni utumishi wetu, wala si neema yake. Tumkumbuke Bartimayo kando ya barabara ya Yeriko. Kila mtu aliona kwamba ni kipofu, hata hivyo Yesu alimwuliza kwanza mwenyewe anataka afanyiwe nini. Kumwuliza mgonjwa ni kumheshimu. Tukikisia, huenda tukamwombea amani wakati anachohitaji usiku huo ni mofini. Au tukamletea dawa wakati moyo wake unamlilia mwanawe waliyekosana.

Basi, wapendwa, barazani tusilete idadi ya ziara peke yake. Tulete pia majibu ya wagonjwa, bila kutaja majina yao: juma lililopita maumivu yalikuwa vidole vinne, juma hili ni kimoja. Na pale vidole vilipobaki vinne, tuseme hivyo pia, ili bajeti ijayo ianzie hapo.