Kadi Mbili, Lango Moja

Wahenga walinena kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Methali hii hufunzwa darasani kama onyo dhidi ya tamaa. Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, hata hivyo, ilipata fasiri nyingine katika miaka ya 2000, wakati saiba zilipochipuka kama uyoga katika Buruburu, Umoja, Donholm na Kayole. Fasiri hiyo ilikuwa ndani ya kasha la tarakilishi.

Kijana anayesimuliwa hapa alihitimu shahada ya Kiswahili, akakosa kazi ya ualimu, akakodi chumba cha chini katika jumba la ghorofa mtaani Umoja. Mtaji wake ulikuwa tarakilishi sita kuukuu na deni la mjomba. Laini ya intaneti ilikuwa moja, tena ghali mno, kwani Kenya ilitegemea setilaiti hadi nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka wa 2009. Wateja walilipa shilingi moja kwa dakika. Kila dakika ambayo laini ililala, kodi ya chumba ilipungukiwa.

Ili laini hiyo itosheleze wote, tarakilishi moja ilifanywa bawabu, ikatiwa kadi mbili za mtandao. Kadi ya kwanza iliunganishwa na modemu, yaani ulimwengu wa nje. Ya pili iliunganishwa na swichi iliyopeleka nyaya kwa tarakilishi tano zilizosalia. Hizi za ndani zilipewa anwani zinazoanza kwa 192.168, ambazo tangu mwaka wa 1996 zimetengwa rasmi kwa matumizi ya faragha. Bawabu hupokea ujumbe wao, akautia anwani yake mwenyewe, akaupeleka nje. Jibu linaporudi, humkumbuka aliyeuliza. Anayeifahamu nyumba ya Waswahili hatashangaa: mlango wa mbele hutazama baraza na wapita njia, na mlango wa uani ni wa wenyeji.

Ugumu ulikuwa katika lango. Kila kadi ina nafasi ya kuandikiwa lango, yaani njia ya kufuatwa na ujumbe ambao mpokeaji wake hayumo katika mtandao huo. Fundi asiye mwangalifu hujaza nafasi zote mbili, akidhani kwamba njia nyingi ni heri kuliko moja. Hapo bawabu hugeuka fisi wa methali. Ujumbe wa kwenda nje huweza kuelekezwa ndani, ukafia humo. Dawa ni kuandika lango katika kadi ya nje pekee na kuiacha ya ndani bila lango. Aidha, anwani za pande hizo mbili sharti ziwe za koo tofauti, la sivyo bawabu hatajua ni mlango upi wa kufungua.

Hata mitambo ilipotengenea, lugha ilibaki na kasoro yake. Jioni moja mama mboga wa jirani alifika kusoma barua-pepe ya mwanawe aliyekuwa akifanya kazi Dubai.

"Mwanangu, mtandao upo?"

"Upo, mama, lakini haupo."

"Unanichezea?"

"La hasha, mama. Mashine zinaonana humu ndani. Ni njia ya nje iliyokatika."

"Basi sema njia ya Dubai imekatika, nami nirudi kesho. Usiniambie mtandao upo."

Mama huyo hakuwa amesoma semantiki, lakini alikuwa ameigusa. Neno moja, mtandao, lilibebeshwa dhana mbili ambazo mashine yenyewe ilizitenga kwa kadi mbili. Kesho yake kijana alibandika ukutani karatasi mbili, moja ya "Mtandao wa ndani" na nyingine ya "Intaneti", akawa anatia alama kwenye ule uliopo. Tangu hapo intaneti ilipopotea, wateja hawakuondoka wote. Waliohitaji kupiga chapa barua za kuomba kazi waliendelea, kwa kuwa printa ilikuwa upande wa ndani. Tofauti ya maneno ikawa tofauti ya shilingi.

Taifa nalo lilipitia somo hilo. Kabla ya kituo cha KIXP kuanzishwa Nairobi mwaka wa 2000, ujumbe kutoka kwa mteja wa kampuni moja ya intaneti kwenda kwa mteja wa nyingine, japo wote wamo Nairobi, ulizoea kupaa hadi setilaiti na kuzunguka ng'ambo kabla ya kurudi. Kituo kilifungwa na mamlaka ya mawasiliano muda mfupi baada ya kuanza, kikafunguliwa tena mwaka wa 2002. Kwa hakika, hiyo ilikuwa kadi ya ndani ya nchi nzima: ya jirani yamfikie jirani bila kuvuka bahari.

Siku hizi kadi hizo mbili zimefichwa ndani ya ruta ndogo inayowekwa juu ya kabati, na wengi huitumia bila kujua kwamba ina milango miwili. Wanafunzi wa Kiswahili nao wamebishana sana kuhusu tarakilishi na ngamizi, mdahalishi na intaneti. Mjadala huo una maana. Hata hivyo, istilahi haipimwi kwa uzuri wa mnyambuliko wake pekee, bali pia kwa kumwezesha mama mboga kujua iwapo angoje au arudi kesho.