Waliorudi Baharini

Kazi iliyoachwa siku nyingi huwa na maadui wawili. Wa kwanza ni yule asemaye kwamba haikupata kufanywa kamwe. Wa pili ni kiburi cha mwenye kuirudia, adhaniye kwamba kwa kuwa babu zake waliiweza, basi naye ataiweza. Watu wa visiwa vya Hawaii walipotaka kusafiri tena ng'ambo kwa tanga, waliwakuta wote wawili.

Hapo kale wazee wao walivuka Bahari ya Pasifiki kwa mitumbwi mikubwa, bila dira wala ramani. Kisha safari zile ndefu zilikoma kwa karne kadhaa, na maarifa yake yakafa pamoja na wenyewe. Katika miaka ya 1950 mwandishi mmoja, Andrew Sharp, alidai kwamba wazee hao hawakuwa na elimu ya kuongoza safari ndefu namna ile, bali visiwa vya mbali walivifikia kwa bahati tu. Neno hilo si dogo. Ni kumwambia mtu kwamba babu zake hawakusafiri, walipotea.

Mwaka 1973 kikaundwa chama, na tarehe 8 Machi 1975 chombo chao, Hokule'a, kikashushwa majini. Ni mitumbwi miwili iliyofungwa sambamba kwa kamba, urefu wake futi 62, na maana ya jina lake ni Nyota ya Furaha, nyota ipitayo utosini mwa Hawaii. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki hatakiona kigeni sana, maana wataalamu wengi huamini kwamba ngalawa yenye matengo asili yake ni kwa mabaharia waliofika Bukini zamani, ambao lugha yao ni ya ukoo mmoja na lugha ya Hawaii.

Chombo kilipatikana, lakini rubani hakuwapo. Ikawapasa kumwomba mgeni, Mau Piailug wa kisiwa kidogo cha Satawal, aliyefundishwa na babu yake tangu utotoni. Waliondoka Maui tarehe 1 Mei 1976, Mau akitazama nyota, mawimbi na ndege, na tarehe 4 Juni wakaingia Papeete, huko Tahiti, baada ya maili 2,500 hivi. Watu zaidi ya 17,000 walikuja kuwalaki. Walakini njiani mabaharia walikuwa wamegombana vibaya, na Mau, akichukizwa na mwenendo wao, akaenda zake kwao.

Machi 1978 walitweka tena, bila Mau. Usiku wa kwanza bahari ilichafuka, chombo kikapinduka. Eddie Aikau, hodari wa maji, alichukua ubao wake wa kuogelea akaenda kutafuta msaada. Hakuonekana tena. Wenziwe waliokolewa.

Hapo wengi wangalisema basi. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kijana Nainoa Thompson alimwendea Mau, akamsihi amfundishe. Kwa desturi ya Satawal elimu hiyo haikuwa ya kugawiwa wageni. Hata hivyo Mau aliwaona vijana wa kwao wenyewe wakiipa kisogo, akahofu isije ikazikwa pamoja naye, akakubali. Thompson akajifunza kama mtoto wa chuo: kila nyota ichomozapo na izamapo, na jinsi ya kulisikia wimbi mwilini wakati macho hayaoni kitu. Mwaka 1980 akaiongoza Hokule'a mpaka Tahiti na kurudi. Kati ya 2014 na 2017 chombo hicho kikaizunguka dunia, na mwaka 2015 kilitia nanga Cape Town.

Chombo kilichopinduka mwaka 1978 na kilichofika mwaka 1980 ni kile kile. Kilichoongezeka ni subira, na mtu aliyekubali kukaa miguuni pa mwalimu. Mau alifariki mwaka 2010, nayo elimu yake haikufa naye. Basi mwenye mzee ajuaye nyota, na majira ya kusi na kaskazi, asingoje mpaka kesho kwenda kumwuliza. Chombo chaweza kuundwa upya kwa mbao. Bali rubani haundwi, hufundishwa.