Tulilikunja Duveti Likiwa Bichi

Kuna harufu moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka naziba pua. Siyo ya samaki wala ya jalala. Ni harufu ya manyoya ya bata yaliyolowa, yakafungiwa kwenye mfuko, yakasahaulika juu ya kabati hapa Dar es Salaam kwa wiki tatu. Na kama siku ile ungeniuliza nani wa kulaumiwa, ningekujibu bila kupepesa macho: mume wangu.

Ngoja nianze mwanzo.

Tulipotimiza miaka mitano ya ndoa, wifi yangu anayeishi Marekani alituletea zawadi: duveti la kambini la watu wawili, limejazwa vinyoya vya bata. Usifikirie yale manyoya magumu ya nje. Hivi ni vile laini vya kifuani, vyepesi kama pamba iliyochambuliwa. Duveti zima halifiki kilo moja na nusu. Unalisokomeza kwenye mfuko mdogo, ukilitoa linaumuka kama andazi. Siri yake ni hewa: vinyoya vinashika hewa, na hewa inatunza joto la mwili. Halina upande wa chini kama mfuko wa kulalia, kwa sababu vinyoya vikilaliwa vinabonyea na havisaidii kitu. Mnatandika godoro, mnajifunika, mnakumbatiana. Zawadi ya wapendanao hasa!

Basi, Julai tukamwacha Junior kwa bibi yake, tukapanda Lushoto. Wewe wa Dar unayevaa sweta mwezi wa saba, nenda Magamba, kule kwenye msitu wa Usambara, ndipo utajua baridi ni nini. Tukafunga zipu zote za hema, tukajifunika mpaka kichwani, tukicheka kama wanafunzi wa bweni.

Asubuhi hema lilikuwa linatiririka maji kwa ndani, na mvua haikunyesha hata tone. Zilikuwa pumzi zetu wenyewe. Watu wawili wanahema usiku kucha, hewa ya moto inagusa kitambaa cha baridi, inageuka matone. Duveti likawa bichi kichwani tulipokuwa tunahemea, na miguuni lilipogusa hema. Dawa yake ilikuwa rahisi: kulianika kwenye upepo mpaka likauke, ndipo tulikunje.

Hatukulianika. Tulikuwa tunagombana.

Tukiwa tunakunywa chai, Baba Junior aliniambia kwamba zile shilingi milioni 4 tulizoweka kwa ajili ya kiwanja alikuwa amempa mdogo wake. Miezi minne iliyopita! Mdogo wake alikuwa na shida ya kweli, sikatai. Lakini jamani, miezi minne mtu ananitazama nikipiga hesabu za matofali, na anajua hakuna kitu? Sikusema neno. Nikalisokomeza duveti kwa hasira, yeye akang'oa hema. Kuanzia kona za kushuka Mombo, mpaka Segera, mpaka Chalinze, redio ndiyo iliyoongea peke yake.

Nyumbani tukaendelea "vizuri". Si unajua tena. "Chakula kipo mezani." "Asante." Mfuko ukakaa juu ya kabati, na lile jambo nalo tukaliweka hukohuko.

"Haijafa hiyo, shemeji"

Siku nilipoufungua ule mfuko, vinyoya vilikuwa vimegandana madonge. Kati ya donge na donge hapakuwa na kitu. Ukiliinua kwenye mwanga unaona upande wa pili. Pembeni kulikuwa na alama nyeusi za kuvu. Nikalia. Nililia kuliko duveti lilivyostahili, na Baba Junior aliyekuwa amesimama mlangoni alilijua hilo.

Hakusema kitu. Akampigia rafiki yake anayekodisha vifaa vya wapanda mlima kule Moshi, akaweka simu kwenye spika. Jamaa akacheka. "Haijafa hiyo, shemeji. Imegandana tu. Swali ni moja, mna siku tatu?"

Akatutumia kwa basi chupa ya sabuni maalumu ya manyoya, pamoja na masharti. Sabuni ya unga marufuku, kwa sababu inavua mafuta ya asili yanayosaidia vinyoya vichanuke. Jiki marufuku. Dawa ya kulainisha nguo marufuku. Mashine ya kufulia yenye mhimili katikati nayo marufuku, italichana.

Jumamosi tukajaza maji ya vuguvugu kwenye beseni kubwa. Kulizamisha tu ni kazi, maana limejaa hewa. Unalikandamiza taratibu kwa viganja, na maji yanatoka ya kahawia. Tukasuuza mara tano mpaka povu likaisha. Hapo ndipo penye mtego. Duveti lililolowa ni zito, na ukilinyanyua kwa pembe moja, zile kuta nyembamba za ndani zinazotenganisha vinyoya zinachanika. Wala halisokotwi kulikamua. Mmoja anaingiza mikono huku, mwingine kule, mnalipakata kama mtoto mchanga. "Shika kwako." "Taratibu, mke wangu." Hayo yalikuwa maongezi yetu marefu kuliko yote ya wiki tatu.

Tukapanga viti vya plastiki barazani, kivulini, kwa kuwa jua kali la muda mrefu linachakaza kitambaa cha nailoni. Juu ya viti tukatandaza chandarua safi ili hewa ipite chini, na feni tukaiweka pembeni. Kila baada ya nusu saa unaligeuza, unatafuta madonge kwa vidole, unayachambua. Mwanzoni nilikata tamaa. Lilikuwa kama kuku aliyenyeshewa.

Kazi ya vidole ina hatari moja: mdomo unabaki huru. Jioni nikauliza swali nililokuwa nalo tangu Magamba. Siyo kwa nini alimpa. "Kwa nini hukuniambia?"

Akachambua donge moja mpaka likaisha. "Niliogopa utakataa. Na mimi nisingeweza kumkatalia."

Nikakasirika upya. Tukaongea mpaka saa sita usiku, sauti zikapanda mara mbili, vidole vinaendelea kuchambua. Na mimi nikakiri langu: ni kweli ningekataa, tena kabla hajamaliza kueleza.

Jumapili duveti lilikuwa kavu kabisa kwa juu. Nikasema tayari, tulikunje. Baba Junior akauchukua mkono wangu, akauweka katikati. "Finya hapa." Ndani kulikuwa na donge la baridi. Kumbe kitambaa hukauka kwanza, vinyoya vya ndani mwisho kabisa, na huo ubichi kidogo uliobaki ndio unaoleta uvundo. Jumatatu tukalipeleka kwa dobi mwenye mashine kubwa ya kukaushia: moto mdogo kabisa, na mipira mitatu safi ya tenisi ndani ya mashine, ilipigepige na kuvunja madonge. Ilichukua zaidi ya saa tatu, tukilitoa kila mara kulikagua. Dobi alituona vichaa.

Likaumuka! Harufu ikaisha. Alama mbili za kuvu zimebaki pembeni mpaka leo, na ile milioni 4 imerudi nusu. Sitakudanganya kwamba nimesahau. Ila sasa kwetu pesa inayozidi laki moja haitoki bila wote wawili kujua. Na nikinyamaza muda mrefu, Baba Junior huniuliza, "Mama Junior, nikifinya hapo nitakuta donge?" Nacheka, halafu namwambia kama lipo.

Duveti letu siku hizi linakaa kwenye mfuko mkubwa wa pamba, bila kubanwa. Ule mfuko mdogo ni wa safari tu. Nanyi mkienda kambini, acheni upenyo wa hewa kwenye hema hata kama kuna baridi, msihemee ndani ya duveti, na asubuhi lianikeni kabla ya chai. Mkifika nyumbani litoeni tena mlitandaze, hata kama mnadhani ni kavu. Na kama mligombana njiani, hilo nalo litoeni usiku huohuo. Juu ya kabati halikauki.